Sungura wa Jikoni kwa Shangazi

Kilichonistaafisha mimi ni manyoya. Sikufika miaka sitini, sikupewa saa ya ukutani wala kuchinjiwa mbuzi wa kuagwa. Nina miaka thelathini na sita, na siku hizi nikikaa chumba kimoja na sungura kwa robo saa tu, macho yanawasha, pua inaziba, kifua kinapiga filimbi. Daktari wa kifua aliniambia, "Manka, chagua. Pumzi au sungura." Nikamwomba siku mbili nifikirie. Yeye hakucheka, ila mimi nacheka mpaka leo, maana nilikuwa nafikiria kweli.

Sasa ninyi wadogo zangu mlioanza kazi kwenye ile nyumba ya wanyama mmenitumia ujumbe, mnataka niwaandikie yale yasiyomo kwenye kitabu cha taratibu. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, na cheti changu si cha kumwonyesha mgeni. Lakini sungura nimewashika miaka kumi na minne, na bado nikisikia harufu ya majani makavu nageuka kutafuta koti langu la kazi. Nitaandika kama ninavyoongea. Mkiona nimeruka, nisubirini, nitarudi.

Jina refu la kazi yenu limebandikwa mlangoni, mnalisoma kila asubuhi. Mimi sokoni nilikuwa naieleza hivi. Kuna watu ambao uso wa jicho, ile sehemu ang'avu ya mbele, unakauka na kuchubuka. Wanahisi kama wana mchanga machoni, mwanga unawachoma, wengine kuona kwenyewe kunapungua. Kabla daktari hajampa mtu dawa mpya, anataka kwanza kuijaribu kwenye jicho la mnyama linaloumwa vile vile. Mnyama wa hivyo huwezi kumwokota njiani. Inabidi umtengeneze, umchokoze jicho kwa kipimo, uhakikishe amefanana na mgonjwa wa kweli, halafu umtibu. Nikishaeleza hayo, mama muuza nyanya ananiuliza, "Na wewe usingizi unaupata?" Namjibu, ndiyo maana sisi tupo, ili anayeumia aumie kidogo, na asiumie bure. Hilo neno *bure* lishikeni. Ndilo lililotaka kunimaliza.

Siku yangu ya kwanza nilimnyanyua sungura kwa masikio, kama nilivyoona wachuuzi wakifanya. Aliyekuwa ananifundisha ni Mzee Valerian, mtu wa Kibosho kule mlimani kama mimi, mfupi, mpole, mwenye mikono ya mkata kahawa. Hakunigombeza. Alimchukua yule sungura, akamrudisha kizimbani, halafu akanishika sikio langu, taratibu tu.

"Ninyanyue?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Basi tumeelewana."

Akanionyesha. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine unabeba matako, maana sungura akirusha teke hewani anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Ukitaka kumpima jicho unamviringisha kwenye taulo kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, uso tu ndio unabaki nje. Kucha zako fupi. Manukato hapana. Wakati mmoja nilikwenda kazini nimejipaka mafuta mazuri ya harusini kwa binamu yangu, na siku nzima sungura wakanipa mgongo. Mzee Valerian alipita akasema, "Leo umekuja kuolewa nao au kuwapima?"

Karatasi ya machozi mnaijua. Ni kile kipande chembamba, unakunja ncha, unaitundika kwenye kope la chini, unasubiri dakika moja, halafu unapima imelowa milimita ngapi. Ninyi mna saa inayolia yenyewe. Sisi tulipoanza, saa yetu ilikufa na hakuna aliyeshughulika kuibadilisha, kwa hiyo Mzee alikuwa anapima dakika kwa Salamu Maria tatu. "Zisizoharakishwa," alikuwa anasisitiza. Akiona unakimbilia "saa ya kufa kwetu" anakuanzisha upya. Daktari mmoja aliposikia vipimo vyake vyote vimepimwa kwa sala, alitoka, akarudi na saa mbili mpya. Nadhani moja ilikuwa ya akiba, tusije tukarudi kanisani.

Na ile rangi ya manjano. Mkiwatilia jichoni na kuwasha taa ya bluu, mahali palipochubuka panawaka kijani, vitone vidogo vidogo. Siku hizi kamera inavihesabu. Sisi tulihesabu kwa macho, watu wawili, kila mmoja kwa daftari lake bila kuchungulia la mwenzake. Mimi nilikuwa nachungulia. Mzee akalijua hilo, akaanza kuniandikia kwake hesabu za uongo, mpaka siku nilipomnakili sungura mwenye vitone mia tatu.

Mimi nilikuwa mtu wa ndoto, mjue. Nilikuwa nasafisha vizimba huku naota kwamba siku moja mgonjwa atatiwa tone la dawa, atafumbua macho na kusema haumwi, na tone hilo litakuwa limepita mikononi mwangu. Na nilikuwa na moyo mwepesi. Moyo mwepesi kwenye kazi yetu ni kitu kizuri, lakini una mlango mmoja mbaya, na mimi niliupita.

Alikuja Daktari Zena, mtu wa Tabora, anasomea shahada yake kubwa. Alitaka kutengeneza sungura wa macho makavu kwa kutumia wanyama wa hapa hapa kwetu badala ya kuagiza mbali. Sungura ishirini na wanne. Kumi na wawili watiwe matone ya kuchokoza jicho, kumi na wawili wasiguswe, wawe wa kulinganishia. Akanituma kununua. Sharti lake, wawe wazima, wasiwe na viroboto wala ukurutu.

Kumi na wawili niliwapata kule chini kwenye mashamba ya miwa, kwa kibarua mmoja aliyekuwa anawafuga nje, kwenye mabanda yenye upepo. Kumi na wawili wengine nilipanda kuwachukua Kibosho kwa shangazi yangu, kwa sababu sungura wa shangazi hawajawahi kuwa na kiroboto. Na kwa nini hawakuwa na viroboto? Kwa sababu walikuwa wanaishi jikoni. Kule juu kuna baridi, na usiku fungo, yule mnyama kama paka, anaiba. Kwa hiyo watu wengi kwetu wanaweka vizimba ndani ya jiko la kuni, pembeni ya mafiga, na moshi unafukuza wadudu. Nimekua nikiona hivyo. Kwenye fomu palikuwa na swali, mnyama amelelewa wapi. Nikaandika, "Banda safi." Kwangu mimi sikudanganya. Jiko la shangazi lilikuwa safi kuliko chumba changu cha kupanga pale Majengo.

Kosa kubwa likaja kesho yake. Daktari alinipa kikombe chenye vikaratasi vya namba. "Manka, piga kura. Kumi na wawili wa kwanza ndio watakaotiwa matone. Usichague wewe, kura ichague." Akaenda kwenye kikao.

Nikabaki mwenyewe na kikombe. Namba ya kwanza niliyotoa ilikuwa ya sungura mweupe mwenye sikio moja linaloinama, ambaye shangazi alinikabidhi akisema, "Huyu anapenda kukunwa kidevu." Nikakirudisha kikaratasi kikombeni. Nikatoa kingine, wa mashambani. Huyo nikamwandika. Kingine, wa shangazi. Nikarudisha. Nikaendelea hivyo mpaka sungura wote wa shangazi wakawa upande wa wasioguswa, na wale wa mashambani, ambao sikuwajua videvu vyao, wakawa upande wa matone. Sikuona kama ni wizi. Niliona ni huruma. Nilikwenda kula chakula cha mchana nikiwa na amani kabisa.

Wiki ya nne mambo yakaharibika. Tuliowatia matone walikuwa wamekauka kidogo, kama ilivyotarajiwa. Lakini wale tusiowagusa walikuwa wakavu zaidi. Karatasi ya machozi kwao ilikuwa hailowi. Ukiwasha taa ya bluu vitone vinawaka kama vimulimuli. Yaani mwenye afya alikuwa mgonjwa kuliko mgonjwa.

Daktari Zena alibadilisha karatasi, akabadilisha chupa ya matone, akapima upya yeye mwenyewe. Majibu yakabaki yale yale. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la chakula cha sungura, amevua viatu.

"Ijumaa inakuja ile kamati inayosimamia wanyama wa utafiti," akaniambia. "Nikiwaonyesha hivi watafunga kazi, na watakuwa na haki. Nimewaumiza wanyama kumi na wawili, na sina nilichojifunza. Nitarudi Tabora na sanduku langu."

"Labda ni hali ya hewa, Daktari."

"Labda ni mimi."

Nilijua si yeye. Sikujua bado ni nini hasa, lakini nilijua kura haikupigwa. Nikaenda kwa Mzee Valerian, nikamkuta anamkata kucha sungura. Nikamweleza yote, nikijitetea kwa huruma yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, huku anaendelea na mguu wa nyuma.

"Kwa hiyo uliwahurumia kumi na wawili," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na hawa wengine? Wana mama mwingine?"

Akahamia kidole kingine.

"Wametiwa matone mwezi mzima, Manka. Kama kazi ikifa Ijumaa, wameumia kwa ajili gani? Ungeacha kura ichague, wangeumia kwa sababu ya maana." Akapuliza kucha zikaanguka. "Nenda ukamwambie."

"Nitafukuzwa."

"Huenda. Shikilia hapa kwanza nimalize huu mguu, halafu uende."

Nikashikilia. Halafu nikaenda. Daktari alikuwa anasafisha taa, nami nikasema bila salamu, maana ningesalimia ningeogopa. Nilipomaliza akaweka taa chini.

"Wote kumi na wawili ni wa nyumba moja?"

"Wote."

"Nilitaka sungura, wewe umenipa ukoo." Alikuwa hatabasamu. "Na hilo banda safi uliloandika, ni banda la namna gani?"

"Ni jiko, Daktari."

"Jiko la gesi?"

"La kuni."

Kisha akavaa viatu. "Twende ukanionyeshe."

Tulipanda kwa bodaboda mbili mchana ule ule, kwenye njia ile ya mawe na mashimo, Daktari Zena amekumbatia begi lake la vipimo. Shangazi alikuwa jikoni anapika mtori wa ndizi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Na huyu mgeni mwembamba ni nani?"

"Ndiye daktari wa wale sungura."

"Karibu ndani, mwanangu. Inama, mlango mfupi."

Daktari aliinama, akaingia, na kabla hajakaa machozi yakamtiririka. Alikohoa, akatafuta kitambaa. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda hatua moja kutoka kwenye mafiga, moshi unampita usoni, anakoroga tu. Akacheka. "Wageni wote wanalia humu. Hata padri alilia. Mimi tu ndiye nisiyelia."

Daktari aliacha kujifuta. Akaangalia vizimba vitupu pembeni, akaangalia moshi, akamwangalia shangazi. "Shangazi, macho yako yakoje?"

"Mazima. Yana mchanga tu. Miaka mingi."

Tukatoka naye nje migombani, ambako hewa ni safi, akapumzika kidogo, Daktari akamtundikia karatasi za machozi, macho yote mawili. Kwa binadamu ni dakika tano. Nilijikuta nahesabu Salamu Maria moyoni. Zilipotimia, Daktari alizitoa na kuziweka kwenye kiganja chake tuzione. Moja ililowa milimita mbili. Nyingine haikufika hata mbili.

"Maana yake nini?" shangazi akauliza.

"Maana yake macho yako hayatoi machozi, shangazi. Huenda ni moshi, huenda kuna jambo lingine pia, itabidi uje tukupime vizuri. Lakini hata ukitaka kulia, sidhani kama yangetoka."

Shangazi aligeukia migomba. Nilidhani ameshtushwa na ugonjwa. Kumbe alikuwa mbali.

"Tulipomzika mume wangu," akasema, "sikutoa hata tone. Nilikuwa nalia humu ndani, kifuani, nilidhani kitapasuka. Huku juu hapana kitu. Mawifi zangu walisema nina moyo wa jiwe. Wengine walisema nilimwua mimi." Akanigeukia. "Na wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimesimama mstari wa pili, nami nilimtazama uso mkavu ule nikafikiri kama walivyofikiri wenzangu. Nikawa nampenda hivyo hivyo, lakini nilifikiri. Pale migombani mimi ndiye niliyelia, tena kwa kelele, na shangazi ndiye aliyenifuta kwa kanga yake.

"Daktari," akasema huku ananifuta, "hayo maneno uliyosema. Niandikie. Na mhuri uweke."

Turudi kwenye kamati, msije mkasema nimewaacha njiani. Ijumaa Daktari Zena aliwaambia ukweli wote, kura na jiko. Nilikuwepo, nimesimama pembeni. Walimkaripia yeye kwa kuniachia kikombe peke yangu, na mimi nilipewa barua ya onyo ambayo ninayo mpaka leo. Matone yalisimamishwa siku ile ile, na sungura wa mashambani walitibiwa mpaka macho yakapona. Hilo ndilo lililonirudishia usingizi. Halafu mwanakamati mmoja mzee akauliza, kama kuna sungura wanaoumwa tayari kwa sababu ile ile inayowaumiza watu, kwa nini tuwachokoze wengine? Daktari akaandika upya kazi yake kuanzia hapo. Tukawa tunatafuta sungura wa majikoni jinsi walivyo, tunawapima, tunawatoa kwenye moshi, tunawatibu, tunaangalia nani anapona kwa kasi gani. Hatukumchubua jicho hata mmoja. Na kwenye kila fomu ya zamani nilitakiwa kukata "banda safi" kwa mstari mmoja unaosomeka, niandike juu yake kwa mkono wangu, "Jiko la kuni, mita mbili kutoka motoni," na kutia sahihi. Mara kumi na mbili. Mkikosea, kateni kwa mstari mmoja unaosomeka. Msifute kamwe. Anayekuja nyuma yenu anahitaji kuona mlikosea nini.

Lakini mimi kila nikikumbuka miaka ile, siku inayonijia kwanza haikuwa kazini. Shangazi alishuka hospitali, akapimwa, akapewa matone, akapewa na barua yake yenye mhuri. Jumamosi iliyofuata jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali nyumbani kwake, na mawifi zake watatu walikuwepo, wamekaa mstari mmoja kwenye benchi kama majaji. Baada ya sala shangazi akatoa barua kifuani, akanipa. "Soma. Kwa sauti."

Nikasoma. Jicho la kulia milimita mbili, jicho la kushoto chini ya hapo. Nikaeleza mtu mzima mwenye macho mazima hulowesha karatasi kiasi gani, nikaonyesha kwa kidole, kumi na zaidi. Nikasoma mstari wa mwisho, kwamba mgonjwa huyu hawezi kutoa machozi ya kutosha hata anapokuwa na huzuni kubwa, na kwamba hali hii inaonekana ni ya miaka mingi. Daktari Zena alikuwa ameandika kwa Kiswahili makusudi, ili lisibaki neno la kujificha nyuma yake.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuna kichwa. Shangazi alichukua barua yake, akaikunja, akairudisha kifuani, kisha akainuka kwenda jikoni, maana wageni walikuwa hawajala na sufuria ilikuwa motoni.

Wifi yake mkubwa, yule aliyeongea zaidi siku ya mazishi, naye akainuka. Nilimfuata kwa hofu, nikidhani wanakwenda kugombana. Alipofika mlangoni aliinama, akaingia kwenye ule moshi, macho yakaanza kumtoka machozi. Akamkuta shangazi ameshaketi kwenye kigoda, mwiko mkononi. Akamshika kiwiko, akamwinua, akamchukua mwiko.

"Toka humu," akamwambia. "Kaa nje, nitapika mimi."